Bwana Harusi Mwenye Jina la Marehemu

Tulimwacha Devota ofisini kwa paroko, bahasha mkononi, vidole vinagoma kuifungua. Meseji zenu nimezisoma zote. Dada mmoja wa Uyole ananiambia wiki nzima presha imempanda, na mzee wa Kihesa kaniita mchawi kwa kukatisha pale. Haya, nisameheni. Bahasha inafunguliwa sasa hivi.

Kwa aliyeanza kusoma leo, ni hivi. Devota ni Mhehe wa Tosamaganga, Mkatoliki tangu tumboni mwa mama yake. Miaka ishirini na mbili anaishi Rujewa na Mzee Sosthenes Rwabika, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, mtu mpole ambaye hata kuku wa jirani hamfukuzi. Wamezaa binti mmoja, Eveline, anayesomea uuguzi Iringa. Ila ndoa ya kanisa hawana. Kila Devota akiigusa habari hiyo, mzee ana udhuru: mara mavuno, mara mgongo, mara mwakani. Na Devota miaka yote hiyo hapokei komunyo. Anabaki kwenye benchi wenzake wakipanga foleni, na inamuuma.

Mwaka huu parokia ikatangaza ndoa za pamoja kwa wote wanaoishi hivyohivyo. Devota akaona ndiyo nafasi. Akamwomba Padre Liberatus aandike barua kutafuta cheti cha ubatizo cha mzee, bila mzee kujua, iwe sapraizi. Mzee alikuwa amewahi kumwambia kwamba kwao ni Ngara, lakini alibatizwa ng'ambo, Rwanda, kwa wajomba zake. Hata jina la parokia alilitaja, siku moja akiwa amefurahi.

Majibu yamekuja.

"Soma wewe, Padre," Devota alisema. "Mimi macho yamekataa."

Padre Liberatus alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. "Sosthenes Rwabika alibatizwa parokiani kwetu Pasaka ya mwaka 1961."

"Si ndiye huyo! Asante Yesu! Sasa mbona umenitisha, Padre, na uso wako huo—"

"Sijamaliza, mama."

Padre aliendelea kuisoma barua.

"Alikuwa mtunza sakristia wetu. Aliuawa Aprili 1994 ndani ya kanisa hili, yeye na mke wake na watoto wao wanne, pamoja na watu waliokuwa wamekimbilia humo. Tumemzika sisi wenyewe. Dada yake yuko hai na ameisoma barua yenu. Anauliza: huyo anayetaka kuoa kwa jina la kaka yangu ni nani?"

Nje mtu alikuwa anafagia uwanja wa kanisa.

"Watakuwa wamekosea," Devota alisema. "Majina yanafanana. Huku kwetu akina Sosthenes si wako wengi tu?"

Padre alitoa picha ndani ya bahasha, akaisukuma mezani. Vijana wawili wamesimama mbele ya kanisa la matofali, wameshikana mabega, wanacheka. Nyuma mtu ameandika kwa kalamu ya bluu: kushoto ni marehemu kaka yangu. Kulia ni rafiki yake, mwalimu Damasi, walibatizwa siku moja. Ndiye aliyewaongoza wauaji. Hajaonekana tangu hapo.

Devota hakumtazama wa kushoto. Aliyekuwa kulia alikuwa na meno ya Eveline, kidevu cha Eveline, na namna ileile ya Eveline ya kucheka huku amefinya jicho moja.

"Nimezaa naye, Padre," alisema polepole. "Mungu wangu. Nimezaa naye."

Padre alimwacha alie. Kisha akasema, "Nisikilize vizuri. Nakala ya barua hii imeshafika kwa wenye mamlaka. Wapelelezi wamenipigia asubuhi, wanatoka Mbeya, watakuwa hapa saa tisa. Sasa ni saa tano. Wanaomba kitu kimoja, asishtuke. Uende nyumbani, upike, ukae naye kama siku zote."

"Nikae naye? Mimi?"

"Akishtuka atapotea, kama alivyopotea miaka thelathini. Na yule dada atakufa hajajibiwa."

Devota alifuta uso kwa kanga. Aliikunja picha akaiweka kifuani, akatoka.

Alimkuta kwenye mashine, mweupe wa vumbi la pumba mpaka kope.

"Mama Eveline! Mbona macho mekundu?"

"Mafua."

"Pole. Nikuchemshie maji ya limao?"

Mnamwona mtu huyo? Ndiye aliyemuuguza Devota miezi mitatu alipovunjika mguu, akimwogesha kwa mikono yake. Ukimuuliza mtu yeyote wa Rujewa atakuambia hajapata kuona mume kama yule. Devota aliingia jikoni, akabandika wali, akakaanga samaki, akawa anahesabu dakika. Saa sita. Saa sita na robo. Mungu akipenda saa tisa itafika.

Ingefika salama kama isingekuwa vigelegele.

Vilianzia barabarani, vikaingia getini, na nyuma yake akaingia Mama Ipyana, mwenyekiti wa jumuiya yao na fundi cherehani, futi ya kupimia shingoni, na akina mama sita wakipiga makofi. Mama Ipyana ni Mnyakyusa wa Tukuyu, moyo mkubwa, mdomo mkubwa zaidi.

"Bwana harusi yuko wapi? Toka kwenye pumba huko, nikupime suti!"

Devota alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi. "Mama Ipyana, leo hapana! Njoo kesho!"

"Kesho nitashona lini mimi, na ndoa ni Jumamosi? Wewe bibi harusi nyamaza, hayakuhusu."

Mzee Sosthenes alikuwa amesimama mlangoni pa mashine, anatabasamu. "Ndoa ya nani tena?"

"Yako, baba! Jamani, hajui kweli! Mama Eveline ulimficha kabisa!" Mama Ipyana alikuwa ameshaizungusha futi kifuani mwa mzee. "Mwenzio kahangaika nawe, usipime. Padre kaandika barua mpaka Rwanda kutafuta cheti chako."

"Rwanda?"

"Ee! Parokia yenyewe uliyobatizwa! Inua mikono. Hivyo. Wamama, andikeni: kifua arobaini."

Mzee aliinua mikono. Tabasamu lilikuwa bado lipo. "Na majibu yamekuja?"

"Si leo asubuhi! Mama Eveline kaitwa, katoka huko analia. Machozi ya furaha hayo, baba, miaka ishirini na mbili si mchezo. Na Eveline tumempigia, yuko kwenye basi anakuja. Kiuno thelathini na nne. Umepungua wewe!"

Akina mama wakaangua kicheko. Mzee naye akacheka. Akawashukuru mmoja mmoja, akaingia ndani akatoka na mchele, akawawekea kila mmoja kwenye kanga yake. Wakaondoka wakiimba. Ndaga fijo, Mama Ipyana. Asante sana kwa kazi yako. Kama ningekuwa na uwezo ningekushona mdomo kwa cherehani yako mwenyewe.

Geti likafungwa.

Mzee alinawa mikono taratibu, akaketi mkekani, akasogeza sahani.

"Keti, Mama Eveline. Chakula kinapoa."

Devota aliketi.

"Umeisoma?"

"Nimesomewa."

"Wameandika nini?"

Devota aliitoa picha kifuani, akaiweka kando ya sahani ya samaki. Mzee aliitazama kwa muda mrefu. Alimgusa yule kijana wa kushoto kwa ncha ya kidole.

"Alikuwa mcheshi sana," alisema.

"Wewe ni nani?"

"Baba Eveline."

"Nimekuuliza jina!"

"Hili nimeishi nalo karibu sawa na lile. Unataka lipi?"

"Ulimuua?"

"Mimi sikushika panga."

"Sijakuuliza panga!"

Mzee alichambua mwiba, akauweka pembeni ya sahani. "Walikuwa wamejifungia humo kanisani. Mlango mzito, haukuvunjika. Funguo alikuwa nazo yeye. Nikamwita kwa jina, akaijua sauti yangu, akanifungulia. Waliokuwa nyuma yangu walikuwa wanasubiri hilo tu."

"Wangapi mle ndani?"

"Sikuhesabu."

Devota alishika mdomo. Alitamani kumpiga, alitamani kumkumbatia, alitamani dunia irudi nyuma mpaka jana akiwa anachagua kitambaa cha gauni. Msomaji wangu, usimcheke. Wewe ungejuaje la kufanya?

"Basi niambie unajuta," alisema. "Niambie hilo moja tu, Baba Eveline. Niwe na kitu cha kumwambia mwanao."

Alifikiri kwanza. Kwa kweli alifikiri, kama mtu anayetafuta jibu la haki.

"Najuta kukutajia ile parokia," alisema.

Akasimama, akafuta mikono. "Wanakuja saa ngapi?"

Devota aliichukua picha, akairudisha kifuani.

"Hata usiposema, najua watakuja. Usiogope, sikugusi. Hujanikosea, ulitaka ndoa tu. Begi langu liko stoo, nyuma ya magunia ya pumba. Nikishalichukua hutaniona tena. Eveline mwambie nimekufa. Atalia, atasahau, atamaliza masomo yake. Ukinikabidhi kwao, maisha yake yote ataitwa mtoto wa yule mtu. Chagua wewe."

Alivuka uwanja bila haraka. Stoo ya mpunga ni ya matofali, dirisha hakuna, mlango wa chuma. Akaingia. Devota akasikia magunia yanavutwa.

Na hapo ndipo mwanamke huyu alivuka uwanja ule mbio, akausukuma mlango, akatia komeo, akabana kufuli.

Ndani, magunia yaliacha kuvutwa.

"Mama Eveline."

Devota alilivuta kufuli, limeshika.

"Mama Eveline, fungua. Hewa hakuna humu."

Devota aliketi chini, mgongo ukiwa mlangoni, funguo ameibana kiganjani mpaka ikamchoma. Saa saba kasoro.

"Nani alikubeba kwenda chooni ulipovunjika mguu? Nani? Fungua, mke wangu. Nakuomba."

Mke wangu! Miaka ishirini na mbili alikuwa anaingoja kauli hiyo mbele ya altare. Alilia kwa sauti, kanga mdomoni. Lakini hakufungua.

Baada ya muda maombi yaliisha. Devota alisikia mnong'ono, polepole, kwa lugha ile ambayo siku zote mzee alimwambia ni Kihangaza cha kwao Ngara. Unasema, unanyamaza kidogo, unasema tena. Devota aliufahamu mwendo ule. Hata rozari ya jioni mzee alikuwa anaisali hivyohivyo. Basi naye akatoa yake shingoni, akaanza kuitikia kwa Kiswahili, Salamu Maria moja baada ya nyingine, wao wawili wakitenganishwa na bati la mlango. Alisali Mungu amguse huyu mtu kabla saa tisa haijafika. Moyoni akaanza kuwa na tumaini kidogo.

Saa saba na nusu geti likagongwa. Eveline, begi mgongoni, gauni jipya la pinki kwenye mfuko.

"Mama! Bibi harusi! Mbona uko chini? Baba yuko wapi?"

"Eve!" sauti ilitoka ndani ya stoo. "Eve mwanangu! Mama yako kachanganyikiwa, kanifungia! Nitoe, nakufa humu!"

Gauni likaanguka vumbini. "Mama, umefanya nini?"

Devota alimpa picha, akamweleza. Alimweleza vibaya, anarukaruka, anaanza katikati, anarudi mwanzo. Eveline alisikiliza huku anatikisa kichwa.

"Picha ya zamani hii. Watu wanafanana, Mama."

"Amekubali kwa mdomo wake, hapo mkekani."

"Umemtisha! Mzee wa miaka sitini na kitu umemfungia na pumba, ana pumu, unataka aseme nini? Lete funguo."

"Eve, nisikilize—"

"Lete funguo, Mama!"

Walikamatana. Mama na mwana, siku ambayo walitakiwa kupikiana keki, waliviringishana kwenye vumbi la uwanja wakigombea funguo. Eveline ana nguvu za ujana. Alikuwa ameshafungua vidole viwili vya mama yake wakati honi ilipopigwa getini.

Prado nyeupe. Wanaume wawili wakashuka, mashati ya pasi, viatu vinang'aa.

"Mama Devota? Pole na matatizo. Sisi tunatoka Mbeya, kwa ile habari ya mzee." Mmoja alionyesha kitambulisho, akakirudisha mfukoni haraka kama anayefukuza nzi.

"Mmewahi," Devota alisema, akihema. "Padre alisema saa tisa."

"Barabara ilikuwa nyeupe. Yuko wapi?"

Devota alisimama, akajipangusa. Hakumpa mtu funguo. Alifungua kwa mkono wake mwenyewe, maana aliona ni haki yake.

Mzee alitoka, begi kwapani, pumba kichwani. Hakumtazama mkewe. Mmoja wa wale wanaume akasema, "Pole, mzee," akampokea begi.

"Hamumfungi pingu?" Devota aliuliza.

"Mzee wa watu huyu, mama. Atakwenda wapi?"

Eveline alikuwa ameng'ang'ania mkono wa baba yake. "Mimi nakwenda naye. Mkitaka mniandike na mimi."

Wale wanaume walitazamana. Wakamtazama mzee. Mzee alinyanyua kichwa kidogo tu.

"Panda, binti," wakasema.

Devota angeweza kumzuia. Neno moja lingetosha. Lakini alifikiria mtoto huyu akae nyumbani na kumchukia mama yake bila kuujua ukweli, akaona heri aende akausikie huko kwa masikio yake.

"Nenda naye, mwanangu," alisema. "Asiwe peke yake."

Prado ikatoka. Devota alifunga geti, akaliokota gauni la pinki, akalikung'uta, akalianika kwenye kamba. Aliketi kibarazani muda mrefu. Akawaza yule dada wa Rwanda, kwamba angalau yeye leo atapata jibu. Saa tisa kasoro akampigia Padre.

"Wamemchukua, Padre. Na Eveline kaenda naye."

Upande wa pili milango ya gari ilisikika ikifungwa.

"Padre?"

"Nani wamemchukua?"

"Si hao wapelelezi wako. Wanaume wawili, Prado nyeupe. Saa nzima sasa."

"Devota," Padre alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Wapelelezi ninao hapa ofisini. Ndio kwanza wameshuka kwenye gari. Hao waliokuja kwako, nani kawaita?"

Devota aligeuka kuutazama mlango wa stoo, uko wazi. Unasema, unanyamaza kidogo, unasema tena. Alimfungia mtu ndani, akamwachia simu mfukoni, kisha akakaa nje kumwitikia Salamu Maria.

Alipiga kelele. Majirani walisikia mpaka wale wa mashine ya pili ya mpunga.

Akabonyeza namba ya Eveline. Iliita. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, magoti chini, na safari hii ikapokelewa.

"Eve! Uko wapi? Teremka kwenye hilo gari! Waambie unataka chooni, teremka!"

"Mama." Eveline alikuwa ananong'ona. "Wamesimama kuweka mafuta, wametoka nje wote, na baba. Mama, nimeona kibao cha Makambako. Mbeya si kule tulikotoka?"

"Teremka, mwanangu! Kimbia!"

"Milango haifunguki. Mama, nimefungua begi la baba. Kuna kitambulisho humu, kina picha yangu. Ile ya fomu foo, niliyompa nilipomaliza shule." Alianza kulia. "Picha ni yangu lakini jina si langu. Kimeandikwa Juliana. Juliana ni nani, Mama?"

Simu ikakatika.

Devota hakumfahamu Juliana yeyote. Alichofahamu ni namna mume wake anavyopata majina.